Sababu ya Kosa

Hakimu anataka ripoti.
Anaiomba kwa upole, miwani ncha ya pua,
kama mtu anayeagiza nusu kilo ya sukari:
"Afisa, wiki mbili zatosha?"
Zatosha, mheshimiwa.
Nina mafaili arubaini na moja
na kiti kimoja cha wageni, mguu umefungwa kwa waya.

Kepha Otwori, miaka kumi na tisa.
Mtungi wa gesi, kilo sita, mali ya Mutheu.
Amekiri.
Kule mahabusu ya Makadara, vyuma kati yetu,
nilimuuliza kwa nini.
Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri,
kisha akasema:
"Niliuona, nikaubeba."

Fomu haina nafasi ya jibu hilo.
Fomu inapenda njaa, inapenda marafiki wabaya,
pombe, baba aliyetoroka.
Baba yupo. Yuko Gikomba na mitumba,
ananijibu huku akikipiga rangi kiatu kimoja
anachokitafutia mwenzake tangu Aprili.

Kariobangi, nyuma ya wale wanaofua sufuria,
nyundo zikigonga hadi ndani ya meno,
mama yake, Nyaboke, ananipa chai.
Kikombe ameazima. Najua,
maana mwenyewe amesimama mlangoni
akikitazama mpaka tone la mwisho.
"Mrudisheni," anasema huyo mwenye kikombe,
"ni mtoto wetu huyu.
Ila usiku asipite upande wangu."
Nikaandika: jamii inampokea.
Nikafuta.
Nikaandika: jamii inampokea mchana.

Mutheu hakunikaribisha kiti.
"Mtungi ulirudi. Gesi je, ilirudi?"
Akanionyesha lango, bawaba imeng'olewa,
bati limekunjika kama sikio la mbwa.
Akanyamaza muda mrefu, akipima mchele wa mteja.
"Na mkimfunga," akasema, bila kuinua macho,
"hili lango atalipaka nani rangi?"

Mwaka jana nilimwombea mwingine, jina lake silitaji.
Polisi walinipigia saa tisa usiku
wakiuliza ni nani aliyeandika kwamba huyu ni mtu mwema.
Sikuandika mwema.
Niliandika anaweza.
Tangu hapo neno hilo
naliandika polepole, herufi moja moja,
kama anayevuka barabara ya Jogoo na mtoto mgongoni.

Usiku, Umoja, stima zimepotea,
mshumaa ndani ya kifuniko cha Blue Band,
nimebakiza mstari mmoja: sababu ya kosa.
Nikaitazama kalamu mkononi.
Ya buluu, kifuniko kimetafunwa,
na meno hayo si yangu.
Ni ya karani wa korti namba tatu.
Sikuiazima. Sikuwa na haja nayo, ninazo nne.
Niliiona,

Nikaandika: sababu haijulikani.
Nikapendekeza kifungo cha nje, miezi kumi na minane,
na lango.

Sasa huja kila Jumatatu saa nane.
Anakaa kiti chenye waya, anajua namna ya kukikalia,
tunazungumza habari za mpira, za mama,
za rangi ya kijani ambayo Mutheu aliikataa mara mbili.
Jumatatu ya sita hakuja.
Saa tisa. Saa tisa na nusu.
Simu yake inajibu kwa sauti ya yule dada asiyechoka: mteja hapatikani.
Nikalitoa faili lake, nikalifungua
pale mahali ambapo barua ya kumrudisha kortini huanza.
Nilikuwa nimeshaandika tarehe.

Saa kumi na dakika kumi akaingia,
kiwiko chote buluu, hadi kwenye nyusi.
"Amekubali buluu," akasema, akihema.
Akainamia daftari, akatia sahihi,
akaaga, akafika mlangoni.

"Kepha."
Akageuka.
"Kalamu."
Akaitazama mfukoni mwake kama mgeni asiyemjua,
akacheka, akairudisha mezani.

Nilingoja hatua zake ziishe kwenye ngazi.
Ndipo nikaichukua
nikaandika: amefika.